Difu inalia, au unaisingizia? Kuusoma mlio wa ekseli ya nyuma kwenye Land Rover ya zamani

Tangu tamasha la Land Rover lifanyike Arusha Oktoba 2024, mazungumzo ya magari haya yamechangamka tena hadi huku kanda ya kati. Gari lililolala nyuma ya nyumba Kongwa au Mpwapwa kwa miaka linawekewa betri, linafungwa tairi, linaingia barabarani. Likifika kilomita 50 kwa saa, linaanza kuvuma kwa nyuma. Hapo majibu huwa mengi: difu (ile boksi ya gia iliyo kwenye ekseli ya nyuma) imekufa, weka oili nzito, kaza nati ya pinioni, nunua krauni mpya, au achana nayo maana Land Rover zote hulia. Kila jibu kati ya hayo limewahi kumtia mwenye gari hasara.

Makala hii inachukua mfano wa Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa kuwa ndiyo tunayokutana nayo zaidi. Njia ya kusikiliza na kupima ni ileile kwa Land Cruiser ya zamani, Datsun au Peugeot. Vipimo ndivyo vinavyobadilika.

Ndani ya bakuli la difu kuna nini

Injini inazungusha propela, ule mhimili mrefu unaopita chini ya gari. Mwisho wa propela kuna pinioni, gia ndogo inayoingia ndani ya ekseli. Pinioni inasukuma krauni, gia kubwa ya duara, na hapo mzunguko unageuzwa kuelekea tairi huku mwendo ukipungua. Kwenye Series, propela huzunguka mara 4.7 ili tairi izunguke mara moja. Kwa tairi za 7.50-16, ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, tairi inazunguka kama mara 400 kwa dakika na propela karibu mara 1,900. Namba hizo mbili zitatusaidia baadaye.

Krauni imefungwa kwenye kibebeo, na ndani ya kibebeo kuna gia ndogo nne zinazoruhusu tairi ya kushoto na ya kulia zisizunguke sawa. Ng'ombe wawili wa jembe la kukokotwa wakifika mwisho wa shamba na kugeuka, wa nje hutembea njia ndefu kuliko wa ndani, na nira ni moja. Gia hizo nne hufanya kazi hiyo: gari likienda moja kwa moja hazisagani, likifika kwenye kona au tairi moja ikiteleza ndipo zinazunguka. Kwa hiyo mlio unaosikika barabara ikiwa imenyooka hautoki kwao.

Vyote hivyo vinashikwa na beringi: mbili za pinioni, mbili za kibebeo. Ndizo zinazoshika krauni na pinioni mahali pake, na pakilegea hata kwa sehemu ndogo ya milimita, meno huanza kulia.

Mlio husomwa kwa mguu wa mafuta

Kabla ya spana yoyote, tafuta barabara tambarare iliyonyooka. Njia ya kwenda Bahi na Manyoni inafaa kabisa. Jaza tairi upepo sawasawa, endesha kilomita 15 hivi oili ipate joto, kisha shika mwendo kati ya 50 na 70 na ufanye mambo manne, kila moja kwa sekunde kumi hivi: kanyaga mafuta gari livute; achia mafuta huku gia imeingia; shikilia mafuta kidogo tu, gari lisivute wala lisizuiwe; halafu weka fri liserereke. Usizime injini gari likiwa kwenye mwendo.

Mvumo mwembamba kama wa filimbi unaokuja gari likivuta na kupotea ukiachia mafuta ni wa meno ya krauni na pinioni, upande wa kusukuma. Ukija pale unapoachia, shuku kwanza beringi za pinioni kabla ya meno. Sababu ni kwamba gari likivuta, meno hayo ya mshazari huisukuma pinioni mbali na krauni, na beringi kubwa huibeba. Ukiachia, huivuta kuelekea krauni, na kilichobaki kuishika ni ule mkazo wa awali wa beringi, yaani kule kubanwa kwake wakati wa kufungwa. Mkazo ukiwa umekwisha, pinioni inachomoka kidogo kutoka mahali pake na meno yanakutana vibaya.

Mngurumo mzito usiojali mguu wako, unaofuata mwendo wa gari tu, ni wa beringi. Ukiwa wa haraka na mwembamba, ni beringi za pinioni, kwa kuwa zinazunguka kwa kasi ya propela. Ukiwa wa polepole, ni za kibebeo au za habu, yaani kitovu cha tairi. Mlio wa kugonga unaohesabika, ko, ko, ko, mara moja kwa kila mzunguko wa tairi, ni jino la krauni lililomeguka. Huu wa mwisho haungoji. Gari lisimame, kwa kuwa kipande kilichokatika kikipita kati ya meno kinaweza kupasua hata nyumba ya difu.

Mlio wa kwenye kona pekee unaelekeza kwenye zile gia nne na washa zake, au kwenye beringi za habu, ambazo kwenye kona hubebeshwa uzito wa upande mmoja.

Wanaosingiziwa difu

Tairi za vipande vikubwa, zile za matope, ndizo zinazodanganya watu zaidi. Dawa ni kubadilisha barabara: toka kwenye lami uingie kwenye vumbi laini kwa mwendo uleule. Mlio wa tairi utabadilika au kupotea. Wa difu utabaki vilevile.

Gia boksi na boksi ndogo ya Land Rover (ile inayopeleka nguvu mbele na nyuma) nazo hulia kwa asili. Endesha 40 kwa saa ukiwa gia ya tatu, kisha 40 hiyohiyo kwenye gia ya nne. Sauti ikibadilika wakati mwendo haujabadilika, tatizo liko mbele, kwa kuwa propela na difu hazijui uko gia ipi.

Krosi za propela, vile viungio vyake vinavyojipinda, hukauka grisi. Pangusa kwanza vumbi lote kwenye vikombe vya krosi kwa kitambaa, uendeshe kidogo, uangalie tena: unga wa rangi ya kutu ukijitokeza pembeni mwa kikombe, ndani yake sindano zimekauka. Upanguse kweli, maana vumbi letu la Dodoma nalo ni jekundu na limewafanya watu wang'oe krosi nzima zisizo na kosa.

Kuna pia mlio mmoja wa kugonga wakati wa kuondoka au kubadilisha gia. Watu huuita kifo cha difu, lakini mara nyingi ni jumla ya michezo midogo midogo: krosi, meno ya hafu shafti (mhimili unaotoka difu hadi tairi), na meno ya flenji inayounganisha hafu shafti na habu. Toa kifuniko kidogo katikati ya habu, mwambie mwenzako azungushe propela mbele na nyuma kwa mkono, wewe tazama ncha ya hafu shafti. Ikicheza kabla habu haijasukumwa, ni flenji iliyokwisha, kipande cha bei ndogo kinachofungwa kwa bolti sita.

Jaribio la kutoa propela

Series ina faida ambayo magari mengi hayana. Unaweza kutoa propela ya nyuma kabisa, ukabonyeza kitufe cha njano, na gari likavutwa na tairi za mbele. Kama habu za mbele zina kufuli, zifunge.

Ukiendesha hivyo na mlio ukapotea kabisa, ni meno ya difu yaliyokuwa yakibeba mzigo, au propela yenyewe. Mngurumo ukibaki, usikimbilie kusema difu ni nzima: bado inazungushwa na tairi, na beringi mbovu zitaendelea kunguruma. Chomoa sasa hafu shafti zote mbili, ziba matundu ya habu kwa nailoni na utepe vumbi lisiingie, jaribu tena kwa umbali mfupi. Difu sasa imesimama. Kinachobaki kunguruma ni habu au tairi.

Hapa kuna hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Hendibreki ya Series haishiki tairi. Inashika mhimili unaotoka boksi ndogo. Ukitoa propela ya nyuma na kitufe cha njano kikiwa juu, hendibreki haishiki chochote. Hata propela ikiwepo, ukinyanyua tairi moja ya nyuma kwa jeki, zile gia nne huiacha ile iliyoinuliwa izunguke kinyume na ile iliyo chini ibingirike, na gari linashuka kwenye jeki mtu akiwa chini yake. Weka kabari ngumu mbele na nyuma ya tairi mbili, kila mara, hata uwanja ukionekana tambarare.

Oili inasema nini

Mwaga oili ikiwa ya moto kwenye beseni safi. Ujiuji wa kijivu kama risasi ya penseli kwenye boliti ya kumwagia ni uchakavu wa kawaida. Chembe zinazong'aa na kukwaruza ukizisugua kwa vidole, magamba ya chuma, au vipande vyenye ncha, hizo ni beringi au meno yanayobanduka. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji.

Maji hayo yanaingiaje? Juu ya ekseli kuna kipumulio, tundu dogo la kutolea hewa ya moto. Vumbi la kiangazi likikiziba, na mvua za Desemba hadi Aprili zikajaza makorongo, difu ya moto inatumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Baada ya kuvuka maji marefu, legeza boliti ya chini asubuhi inayofuata gari likiwa limetulia: maji hukaa chini ya oili na yatatoka kwanza.

Oili inayotakiwa ni ya gia EP 90 au 80W-90. Ekseli ya Rover inachukua takribani lita 1.75. Ekseli ya Salisbury, iliyofungwa nyuma ya 109 (zile ndefu) nyingi za Series III, inachukua takribani lita 2.5, na hiyo ipewe daraja la GL-5 kwa kuwa meno yake husuguana kwa kuteleza zaidi. Kuzitofautisha ni rahisi: Salisbury ina kifuniko cha bolti upande wa nyuma, ya Rover nyuma ni bakuli lililochomelewa. Jaza gari likiwa sawa mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kipimo.

Oili nzito ya 140, grisi, au unga wa mbao na maganda ya ndizi ambavyo wauzaji wasio waaminifu huweka ili gari lipite siku ya mnunuzi, hupunguza sauti tu. Oili nzito kupita kiasi haifiki upesi kwenye beringi ya mbele ya pinioni, iliyo mbali na krauni, na hiyo ndiyo huungua kwanza. Ukinunua Land Rover isiyo na mlio hata kidogo, mwaga oili uione.

Ukifungua, pima kabla hujagusa kitu

Difu ya Rover inatoka kwa mbele bila kuondoa tairi: mwaga oili, toa propela, vuta hafu shafti kila upande kiasi cha urefu wa mkono, fungua nati za kuzunguka. Ni nzito, iwe kazi ya watu wawili. Salisbury haitoki hivyo; inafunguliwa ikiwa kwenye gari, na kibebeo kinahitaji kifaa maalumu cha kutanua nyumba yake. Asiye nacho asiitindue kwa mtaimbo.

Difu ikiwa mezani, shika flenji ya pinioni uivute, uisukume, uitikise juu na chini. Isiwe na mchezo wowote. Kisha pima nafasi kati ya meno kwa dayali geji, ile saa yenye mshale inayosoma sehemu ya mia ya milimita. Zuia pinioni isizunguke, gusisha ncha ya geji kwenye jino la krauni, itikise krauni. Kwa difu ya Rover tunataka milimita 0.20 hadi 0.25. Pima sehemu nne za duara. Ukipata 0.20 upande mmoja na 0.35 upande wa pili, krauni imepinda au kuna uchafu nyuma yake, na hakuna urekebishaji utakaoondoa mlio kabla ya hilo kushughulikiwa. Andika namba zote. Fundi anayefungua bila kuandika anakuwa amepoteza njia ya kurudi.

Kabla ya kufungua vifuniko vya beringi za kibebeo, piga nukta moja ya ponchi kwenye kifuniko cha kushoto na kwenye nyumba yake, nukta mbili kwa cha kulia. Vilichongwa vikiwa vimefungwa pamoja; ukivibadilishana, tundu si duara tena.

Mara nyingi beringi mpya nne na sili zinatosha. Krauni na pinioni zilizotembea pamoja miaka 40 zimeshalana zikazoeana, na zinatakiwa zirudi mahali palepale zilipokuwa. Kuzisogeza ili alama ionekane nzuri kama ya kitabuni huzaa mlio mpya, kwa kuwa unakutanisha sehemu za meno ambazo hazijawahi kukutana. Meno yakiwa yamemeguka au kubanduka ngozi, hapo ndipo seti mpya inahitajika, na ni seti: krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na kupigwa namba inayofanana. Kununua moja ni kutupa pesa.

Mkazo wa awali wa pinioni haupimwi kwa nguvu ya mkono. Zungushia uzi kwenye flenji, uvute kwa mizani ya kuning'iniza mzunguko uwe mtulivu, bila sili. Zidisha kilo zinazosomeka kwa nusu kipenyo cha flenji: kilo 3 kwa sentimita 4 ni kilo-sentimita 12. Linganisha na kitabu cha gari lako. Difu ya Rover hurekebishwa kwa shimu, vile vibati vyembamba, kwa hiyo kuikaza nati zaidi hakubadilishi kitu. Kwenye Toyota nyingi kuna bushi inayobonyea. Huko kukaza nati "hadi basi" kunaibonyeza moja kwa moja na beringi zinaungua.

Rangi kwenye meno

Chukua rangi ya mafuta ya manjano, iongeze oili kidogo iwe nzito kama rojo, paka meno nane hadi kumi ya krauni. Mtu mmoja aibane krauni kwa kitambaa ili iwe na mzigo, mwingine azungushe pinioni mbele na nyuma mara kadhaa. Pale meno yalipokutana rangi inaondoka.

Alama nzuri inakaa katikati ya urefu wa jino, ikielemea kidogo ndani kuelekea kitovu cha krauni, na haigusi kilele wala shina. Ikikaa juu kwenye kilele, pinioni iko mbali. Shimu iongezwe ili isogee karibu. Ikizama shinani, pinioni imeingia mno. Ikikimbilia ncha ya nje ya jino, krauni iko mbali na pinioni. Ikibanana na ncha ya ndani, iko karibu mno. Krauni husogezwa kwa nati mbili zenye meno zilizo pembeni mwa beringi: legeza moja, kaza nyingine kiasi hichohicho. Rekebisha pinioni kwanza, krauni baadaye, na kila ukisogeza kimoja pima upya nafasi ya meno. Kazi hii inakula siku nzima kwa haki yake. Anayekuahidi saa mbili hapimi.

Difu la mtumba

Wengi huamua kununua difu zima lililotumika, na si uamuzi mbaya. Mtego wake ni uwiano. Difu ya Range Rover, Discovery au Defender yenye 3.54, ikiwa ya aina inayopokea hafu shafti za meno 10 kama za Series, inaingia kwenye ekseli ya Rover ya Series, bolti zote zinakaa. Ukiifunga nyuma wakati mbele kuna 4.7, gari litaonekana zima, hata zuri zaidi kwenye lami. Siku utakapobonyeza kitufe cha njano kwenye tope la Bahi, mbele na nyuma vitavutana kwa kasi mbili tofauti mpaka kitu kikatike. Kabla ya kulipa, piga chaki kwenye krauni, izungushe duara moja, hesabu mizunguko ya pinioni: minne na theluthi mbili ndiyo yako, mitatu na nusu siyo.

Ukimaliza kufunga, safisha au badilisha kipumulio siku hiyohiyo. Endesha kilomita 20 bila mzigo kwa mwendo usiozidi 60, simama, weka kiganja karibu na pua ya difu, pale pinioni inapoingia, kisha uiguse taratibu. Joto linalovumilika kwa mkono ni sawa. Ukishindwa kushika, beringi zimekazwa kupita kiasi, na difu irudi mezani leo kabla hazijabadilika rangi. Ikiwa sawa, iache ipoe kabisa kabla ya safari ya pili, usivute tela wala usipande na shehena kwa kilomita 800 za mwanzo, kisha mwaga ile oili, itazame kwenye beseni, ujaze mpya.